Maandishi Yaliyobaki Kwenye Mpira

Jumatano, tarehe 1 Machi 1950

Bwana Aliakbar kanipa daftari hili asubuhi. Kalishona mwenyewe kwa vipande vya karatasi vinavyobaki tukishakata kazi za watu. Kasema, "Mwishehe, masika yanakuja na mashine hii mpya siijui tabia yake. Kila siku niandikie hali ya hewa na hali ya mashine. Ikikorofisha, andika imekorofisha vipi."

Nikamwuliza kwa nini asimpe Gaudens, maana Gaudens ndiye fundi wa hiyo mashine na mie ni mpanga herufi tu. Akanijibu, "Gaudens ataisifu."

Basi naandika. Jua kali, upepo hakuna. Mashine haikukorofisha. Aliyekorofika ni mie.

Miaka kumi na tisa nimepanga herufi za madini ya risasi, kwanza mjini, sasa hapa Chang'ombe. Herufi ya risasi imegeuka kama uso kwenye kioo, nayo ikikandamizwa kwenye karatasi maneno yanakaa sawa. Hilo nalielewa hata nikiwa usingizini. Leo Gaudens kafunga bamba jembamba la zinki kwenye silinda ya mashine mpya, na maneno ya kwenye bamba yalikuwa yamekaa sawasawa, hata mtoto anayeanza shule angeyasoma. Nikamwambia, "Umekosea. Yatatoka kinyume." Akacheka, akawasha mashine. Yakatoka sawa.

Nimekaa na jambo hilo tangu saa nne asubuhi mpaka sasa, na bado silielewi.

Jumamosi, 4 Machi

Jua. Mashine nzima.

Gaudens kanieleza mara tatu. Bamba haligusi karatasi kabisa. Bamba linagusa silinda nyingine iliyovikwa mpira, linauachia mpira maneno, halafu mpira ndio unaoyapeleka kwenye karatasi. Kwa hiyo maneno yanageuka mara mbili.

"Na kwa nini bamba lisiguse karatasi lenyewe?" nikamwuliza.

"Lingechakaa upesi, mzee. Tena chuma ni kigumu. Mpira ni laini, unalala vizuri na karatasi hata ikiwa mbaya."

Jambo la pili ndilo baya zaidi. Bamba ni tambarare, halina herufi iliyoinuka. Palipoandikwa pana mafuta, pasipoandikwa pamelowana maji. Wino unapita juu ya bamba zima lakini unashika penye mafuta tu. Yaani maji na wino vinapita njia moja na havichanganyiki. Nimeona kwa macho yangu, na bado sikuamini.

Kijana huyu katoka misheni kule Kusini na hajatimiza miaka thelathini. Ananiita mzee. Mie nina arobaini na nne.

Jumatano, 8 Machi

Mawingu, mvua hakuna. Mashine mpya imepumzika. Nimepanga tangazo la ofisi ya serikali, Kiingereza juu, Kiswahili chini, nakala mia mbili kwa mashine ya zamani. Nilikosa mahali pamoja tu, koma, nikairekebisha. Macho yaliuma jioni.

Jumatatu, 13 Machi

Mvua ya kwanza. Imeanza saa tatu na haijaacha. Karatasi zimevuta unyevu zikavimba, zinaingia mbili mbili kwenye mashine. Gaudens kazitandaza juu ya mabati karibu na jiko la kuchemshia gundi ili zipate joto.

Jumamosi, 18 Machi

Mvua. Lebo za mafuta ya nazi, elfu nne. Rangi ya kijani haikauki, na kila lebo inachafua mgongo wa mwenziwe.

Mke wangu Somoe alikuja kiwandani mchana, kama afanyavyo siku mbili tatu kwa wiki, kumkanda magoti Bi Maryambai. Huyu ni mama yake Bwana Aliakbar. Kazaliwa Bagamoyo, na Kiswahili chake kinanishinda mie. Tangu afiwe na mumewe hataki kukaa nyumbani peke yake, hukaa hapa ofisini kutwa na tasbihi yake. Yeye na Somoe ni mashoga, ijapokuwa mmoja angeweza kumzaa mwenziwe.

Leo Somoe kapita mbele ya meza yangu, asinisalimu. Nadhani hakuniona.

Jumatano, 22 Machi

Mvua.

Jumamosi, 1 Aprili

Mvua, na ngurumo. Bamba moja limeshika kutu kwa sababu liliachwa bila kupakwa gundi. Gaudens kalitupa.

Jambo hili halihusu mashine, lakini sina mahali pengine pa kuliandika. Somoe huniita Baba Tunu. Tunu alikuwa binti yetu. Alizaliwa masika ya mwaka thelathini na tisa, akaishi siku tisa. Hatukupata mwingine. Watu wengine waliacha kuniita hivyo zamani, yeye hakuacha. Leo asubuhi alisema, "Mwishehe, chai yako hiyo," akageuka.

Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Nikamwuliza kama nimemkosea. Akanitazama muda mrefu, kama mtu anayengoja mwenziwe amalize kusema. Lakini mie nilikwisha maliza.

Jumanne, 4 Aprili

Mvua. Mashine nzima. Nyumbani kimya.

Jumamosi, 15 Aprili

Leo mashine imekorofisha, na naandika kwa urefu kama nilivyoagizwa.

Asubuhi Gaudens alipoanza kupiga lebo, karatasi za kwanza zilitoka na uchafu wa kijivu nyuma ya picha ya mnazi. Nikazitazama. Uchafu huo ulikuwa na mistari. Mistari ilikuwa ya maandishi hafifu mno, kama mtu aliyeandika kwa vumbi. Kwenye karatasi ya kumi hayakuwapo tena.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Mpira, mzee. Usiposafishwa vizuri unabaki na kazi iliyopita, halafu unaitema kwenye kazi mpya. Ni hewa hii ya unyevu."

"Kazi iliyopita ilikuwa lebo hizi hizi."

Akachukua kitambaa, akaupangusa mpira kwa nguvu, na masikio yake yakawa mekundu, ijapokuwa ni mweusi kunishinda.

Nimeficha karatasi mbili kati ya zile mbovu. Nimezitazama dirishani. Ni herufi za Kiarabu. Gaudens hajui hata alifu.

Jumatatu, 17 Aprili

Mvua ndogo. Bwana Aliakbar kasoma daftari hili mpaka ukurasa wa pili, kisha kanirudishia. Kasema nipunguze maneno. Sijui alifika wapi.

Jumamosi, 22 Aprili

Tena. Karatasi tano za kwanza. Safari hii nilisimama mwenyewe mdomoni mwa mashine, nikazitoa kabla Gaudens hajazifikia.

Ni Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, namna wazee wetu wanavyoandikiana barua. Yanasomeka maneno machache tu. Mstari mmoja una "mpendwa wake". Chini yake "aje mwenyewe". Chini zaidi "kabla ya mwezi", kisha yanafifia.

Na hati naijua. Hiyo herufi ya kafu yenye mkia mrefu unaorudi juu kama ndoano, nimeiona kwenye barua za kujibu posa yangu, alizoandika Somoe. Baba yake Somoe alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, naye alimfundisha binti yake kuandika pamoja na wavulana. Hakuna mwingine Temeke nzima anayeandika kafu ile.

Sielewi. Mtu hapigi chapa barua ya mapenzi. Barua ya mapenzi yaandikwa moja. Nimejiambia hivyo njia nzima kurudi nyumbani, na kila nikishajiambia naona tena mkia wa ile kafu.

Jumapili, 23 Aprili

Somoe alikuwa akipepeta mchele. Nikamwona kidole cha shahada cheusi kwenye ukucha. Huo si wino wa kalamu. Ni wino wetu, wenye mafuta, hautoki kwa maji.

"Umegusa nini?"

"Chungu," akasema.

Jumatano, 26 Aprili

Mvua kubwa. Barabara imekatika, magari hayapiti. Nimepanga kazi ya ukurasa mmoja nikakosea mahali kumi na moja. Gaudens kaniletea chai bila kuombwa. Nimeimwaga.

Nimepata hesabu moja. Mashine inaharibika Jumamosi asubuhi. Kwa hiyo kuna kazi inayofanyika Ijumaa. Ijumaa mchana mie nakwenda swala, na Bwana Aliakbar anakwenda msikitini kwao. Wanaobaki ni Bi Maryambai na tasbihi yake, na Gaudens, ambaye ni Mkristo.

Ijumaa, 28 Aprili

Saa sita na nusu nilivaa kanzu, nikachukua mwavuli, nikaaga kama kawaida. Bwana Aliakbar alikwisha toka. Nilifika kwenye baraza la bohari la magunia, nikasimama hapo nikitazama mlango wetu wa nyuma. Ni Ijumaa ya kwanza kuiacha swala nikiwa mzima wa mwili. Adhana ikaisha. Maji yalikuwa yakinipita juu ya viatu.

Somoe akaja. Kajifunika buibui, ndara kazishika mkononi. Hakutazama nyuma wala kando. Akaingia.

Sijui nilisimama kwa muda gani. Kisha nikavuka mpaka mlangoni.

Nikaingia. Somoe kakaa kwenye meza yangu, meza ninayopangia, kalamu mkononi, mbele yake bamba jipya la zinki, nusu limeandikwa. Bi Maryambai kakaa pembeni yake na miwani puani, anafuata mistari kwa kidole bila kuigusa. Gaudens alikuwa kule kwenye mashine, katupa mgongo, anapangusa mpira.

"Nini hiki?" nikasema.

Gaudens akageuka, kitambaa kikamdondoka. "Mzee, mie..."

"Mwishehe, funga mlango," Bi Maryambai akasema. "Karatasi zitalowa."

Nikaufunga. Sijui kwa nini nilitii. Kisha nikamwambia Somoe, mbele ya wote, "Nani mpendwa wako?"

"Mpendwa wangu nani?"

"Yamebaki kwenye mpira. Nimeyasoma. Mpendwa wake, aje mwenyewe, kabla ya mwezi. Hati ni yako, usinikatalie."

Bi Maryambai akaanza kucheka, akafunika mdomo kwa mtandio, kisha akaacha ghafla. Somoe hakucheka. Aliweka kalamu chini taratibu.

"Hujui?" akasema.

"Nijue nini?"

"Niambie kweli, wallahi. Hujui?"

"Somoe, nimeacha swala ya Ijumaa nimesimama mvuani kama mwizi. Ningekuwa najua ningekuja?"

Akalisukuma bamba mbele yangu. Halikuwa na haja ya kugeuzwa. Nikasoma moja kwa moja, kama mtu anavyosoma barua:

"Enyi watu wa Temeke. Makaburi ya bondeni yatahamishwa ili ipite barabara. Kila aliyemzika mpendwa wake pale aje mwenyewe ofisini aandikishe jina lake, kabla ya mwezi wa Mei kwisha. Kaburi lisilo na mwenyewe litachimbwa, na mifupa yake itazikwa katika shimo moja na ya wengine, bila jina."

Makaburi ya bondeni ndipo alipo Tunu.

"Nani kasema haya?" nikauliza.

"Wewe," akasema Somoe. "Umeyapanga kwa mkono wako."

Nikamwambia si kweli. Nikaapa. Bi Maryambai akanyoosha mkono, akanishika kanzu kama anavyomshika mwanawe. "Mwezi wa tatu," akasema. "Tangazo la ofisi. Aliakbar alinisomea nakala ya kwanza, pale pale kwenye kiti. Somoe alipokuja nikamwuliza, mwanangu, si ndipo alipozikwa mwanao? Akaniuliza kalipanga nani. Nikamwambia."

"Nikarudi nyumbani nikakungoja," Somoe akasema. "Nikasema leo ataniambia. Pengine anatafuta namna ya kulisema. Nikakupikia, nikakaa karibu yako. Siku ya pili. Siku ya tatu. Wiki mbili, Mwishehe. Wewe unakula unasema maji na wino havichanganyiki."

Nikauweka mwavuli chini.

"Nikadhani unaogopa kupoteza kazi yako. Kisha nikadhani umemsahau. Sikujua lipi baya zaidi. Tangazo lenu wamelibandika sokoni, mvua imelifuta, na hata kabla haijalifuta nani alilisoma? Bibi zetu wanasoma herufi hizi, si zile. Ndipo nikamwomba Mama huyu, na Mama akamwomba Gaudens."

Gaudens alikuwa bado kasimama na mikono yake myeusi. "Nilitaka kukwambia, mzee," akasema. "Walinikataza. Walisema wewe unajua na umenyamaza. Mie nilikuwa nakutazama kila siku, naona huyu mtu ni jiwe. Samahani."

Nilimwambia alete karatasi. Somoe akamaliza bamba, Gaudens akalifunga, nami nikasimama mdomoni mwa mashine nikipokea nakala moja moja. Zikatoka mia tatu.

Jumamosi, 29 Aprili

Mvua. Mpira umesafishwa.

Nimeitafuta nakala ya lile tangazo kwenye faili ya Machi. Ipo. Nimeisoma nimekaa sakafuni. Yote yamo, na jina la mtaa wetu limo. Nilipanga herufi ile, na ile, na ile, nikizitazama kama zimesimama sawa, kama zina nafasi ya kutosha. Sikusoma neno. Na ile koma niliyojisifu kuirekebisha ilikuwa baada ya neno "mifupa".

Miaka kumi na tisa. Sijui nimepanga mambo gani mengine.

Jumanne, 2 Mei

Bwana Aliakbar kajua. Kaja na nakala ya Somoe mkononi, mwekundu. "Ofisi ndiyo inayotupa kazi! Wakiuliza nani kachapa hii nitasema nini?"

Bi Maryambai akamwambia bila kuinua kichwa, "Utasema maneno ni yao. Sisi tumebadilisha herufi tu. Hata wewe baba yako kazikwa mahali, Aliakbar."

Akasimama. Akatoka barazani, akarudi. "Basi ichapeni," akasema. "Lakini Ijumaa. Nisiwe hapa."

Jumamosi, 6 Mei

Mvua ilipumzika asubuhi. Tulikwenda bondeni, mie na Somoe, tukaliangalie kaburi kabla ya kwenda kuandikisha. Ofisini wanataka mtu aseme kaburi liko wapi, safu ya ngapi, watie kigingi.

Nilitangulia. Mie ndiye niliyemzika, na kila Idi nimekuja kumwombea. Nikaenda kwenye kaburi dogo karibu na ukuta wa mawe ulioanguka. Nikasimama. Nilipogeuka, Somoe hakuwa nyuma yangu. Alikuwa kasimama mbali, upande wa mfereji, mbele ya kaburi jingine dogo.

"Ni hapa!" nikamwita.

"Ni hapa," akasema.

Nikamwendea. Nikamwambia amechanganya. Akasema mama yake alimleta siku ya arobaini, akamwonyesha, na tangu hapo hupita kila akienda kwa dada yake, bila mie kujua. Huweka jiwe dogo. Kweli mawe yapo, mengi, yamezama kwenye tope.

"Nilimweka mwenyewe kwa mikono hii," nikasema.

"Siku ile ulikuwa hujijui. Ulirudi nyumbani na kiatu kimoja."

Hilo nilikuwa silijui. Sikumbuki kiatu. Nakumbuka mvua na ukuta.

Tukamwita Mzee Kondo anayefyeka majani pale. Akatazama hapa, akatazama pale, akavua kofia. "Wakati huo mchimbaji alikuwa marehemu baba yangu," akasema. "Yeye aliyajua yote kichwani. Mie yangu ni majani. Lakini nitawaambia jambo moja, katika haya mawili sijaona mtu mwingine akisimama ila nyie. Bwana pale, bibi huku. Nilidhani kila mtu ana wake."

Miaka kumi na moja. Mmoja wetu amekuwa akimlilia mtoto wa watu.

Jumapili, 7 Mei

Tumegombana. Siandiki.

Jumatano, 10 Mei

Mvua usiku, jua mchana. Gaudens kauliza mambo yanakwendaje. Nikamweleza yote, nikashangaa nimemweleza. Akasema kwao walizika wadogo zake wawili siku moja na mama yake hajawahi kuuliza yupi ni yupi. Kisha akasema samahani, si jambo la kusema. Nikamwambia kaa, tunywe chai.

Jumamosi, 13 Mei

Tumemwendea Sheikh. Kasema dua haipotei njia, inamfikia aliyekusudiwa. Somoe kauliza, "Na aliyesimamiwa bila kukusudiwa?" Sheikh kafikiri, kisha kasema labda naye alihitaji. Nimetoka pale nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Mzee Kondo kawauliza watu wa mtaa wote kuhusu makaburi hayo mawili. Hakuna aliyejitokeza.

Jumatatu, 15 Mei

Bwana Aliakbar kanipa ruhusa. Tumekwenda ofisini.

Foleni ilizunguka nyumba. Nusu ya waliosimama walikuwa wanawake wazee, na wengi wao walishika karatasi ya Somoe, imekunjwa, imelowa, mmoja kaiweka kifuani kama hirizi. Mbele yetu Bi Mwajabu, kipofu wa jicho moja, aliwaandikisha waume wawili na mama mkwe. Karani akawa analalamika, "Haya makaratasi ya Kiarabu mnayatoa wapi? Tangazo letu limekaa miezi miwili, hakuja mtu. Sasa mnakuja wote!" Nikamtazama Somoe. Alikuwa anatazama miguu yake, lakini niliona shavu limeinuka kwa tabasamu.

Njiani tulikuwa hatujakubaliana. Mie nilikwisha amua kusema ukutani. Najua yeye alikwisha amua kusema mferejini. Nilikuwa nawaza nitamwambia nini akinikana mbele ya watu.

"Jina la mwandikishaji," akasema karani.

"Mwishehe."

"Umezika nani pale?"

"Mtoto."

"Mmoja?"

Nikafungua mdomo. Somoe akasema, "Wawili."

Karani akaandika. "Pacha?"

Nilimtazama Somoe, naye akanitazama. Uso wake ulikuwa umechoka, umenyooka, haukuwa na ugomvi wowote. Ningeweza kusema hapana, amekosea, ni mmoja. Ndiyo ingekuwa kweli. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Andika wawili. Mmoja yuko ukutani, mmoja mferejini."

"Majina?"

"Tunu binti Mwishehe."

"Na wa pili?"

Hapo nikakwama. Hatujui hata kama ni wa kiume au wa kike. Nyuma watu walianza kunung'unika. "Tabu," nikasema, maana jina hilo huitwa wa kike na wa kiume.

"Tabu bin, au Tabu binti?"

"Tabu Mwishehe. Andika hivyo, bwana, inatosha."

Akaandika. Nje Somoe alisimama, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. "Akitokea mwenyewe tutampa," akasema.

"Tutampa."

"Na asipotokea?"

Mvua ikaanza, tukarudi nyumbani.

Jumamosi, 20 Mei

Mvua inapungua. Lebo, elfu sita. Mashine haikukorofisha. Nimeomba Gaudens anifundishe kuifunga na kuifungua. Nimechana mpira mmoja. Kasema si neno.

Jumatano, 31 Mei

Mwezi umekwisha. Hakutokea mtu.

Jumamosi, 3 Juni

Jua, na upepo wa baridi kidogo kutoka kusini. Masika yamekwisha. Nadhani hapa ndipo ninapotakiwa kumaliza kuandika, lakini leo sikwenda kiwandani.

Walianza kuchimba asubuhi. Vigingi vimetiwa namba, kila mtu kasimama mbele ya chake. Sheikh aliwataka wanawake wabaki barabarani. Somoe hakubaki, na Bi Mwajabu hakubaki, na wengine walipoona hivyo wakaja wote.

Kwa makaburi madogo hapakuwa na mengi ya kutoa. Udongo uliobadilika rangi, na vitu vyembamba ambavyo sitaviandika. Mzee Kondo alivifungua vitambaa vyeupe nilivyoleta, viwili, vimekatwa sawa. Alichimba ukutani, akafunga. Akachimba mferejini, akafunga. Akavilaza vyote viwili kwenye mkeka mmoja, akaitwa upande wa pili kumsaidia mtu. Kukatokea msukumano, mkeka ukavutwa ili jeneza lipite, na vitambaa vikabiringika.

Aliporudi alisimama akivitazama. Nikamwona anataka kusema neno. Nikamwambia, "Mzee Kondo, nipe tu."

Akanipa kimoja. Akampa Somoe cha pili.

Mahali papya ni mwendo wa nusu saa, juu, penye mchanga. Tulikwenda kwa miguu pamoja na watu wote. Changu kilikuwa chepesi kama mkate. Nilimsikia Somoe kando yangu akisema na wake kwa sauti ndogo, akimwambia pole na jua, tumekaribia. Hakumwita kwa jina. Kisha na mie nikaanza kusema na wangu. Nilimwambia habari za mashine, na za mvua, na kwamba nilikuwa sijui kusoma.

Tumewazika bega kwa bega. Safari hii nimehesabu safu, na hatua kutoka barabarani, na Somoe kahesabu, tukapata hesabu ile ile. Sijui nilimbeba nani.